Gari la Sindano

Uwanja wa mnada ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Watu walizunguka magari yaliyochoka, wakayapiga teke matairi, wakainama chini na kuinuka na nyuso za wajuzi. Sindano hakupiga teke chochote. Alisimama mbele kabisa, gauni la bluu, kilemba cha njano, na viatu vya kamba anavyovaa akienda kazini. Macho yake yalikuwa kwa gari moja tu.

Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, pua ndefu, taa za duara, moja haina kioo. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imebabuka mpaka bati likaonekana. Ndani panya walikuwa wamekula viti hadi springi zikatoka nje. Gari la aina hiyo liliacha kutengenezwa kabla yeye hajazaliwa, na yeye alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Jina la Sindano alipewa na mafundi wenzake, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na hakuna mwanamume mtaa mzima aliyeweza kumfikia kwa mshono. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata yeye mkewe. Habari za gari hili Mwalimu alizikataa mara tatu: mara ya kwanza kwa maneno, ya pili kwa kununa, na ya tatu kwa kucheka. Ile ya tatu ndiyo iliyomuudhi Sindano. Asubuhi hiyo alimwambia anakwenda kununua nyuzi, na hakudanganya, kwa sababu duka la nyuzi lilikuwa njiani.

Dalali alipolifikia lile gari, Sindano akanyoosha mkono. Bwana mmoja mwenye upara akapandisha bei. Sindano akapandisha tena, na yule bwana akatikisa kichwa na kujiondokea. Dalali alikuwa ameshainua nyundo yake aliposimama ghafla.

"Bwana mwenye shati jeupe, kule nyuma. Ameongeza."

Sindano hakugeuka. Akanyoosha mkono.

"Bwana wa shati jeupe anaongeza tena. Tena kwa mikono miwili. Huyu analitaka kweli."

Watu wakaanza kucheka, na hapo Sindano akageuka. Yule bwana wa shati jeupe alikuwa mumewe. Alikuwa amekuja na bosi wake kutafuta gari la kufundishia shuleni kwao, akaona kilemba cha njano, akakitambua, na sasa alikuwa akipunga mikono hewani kumkataza mkewe.

"Mwalimu," Sindano akasema kwa sauti iliyofika nyuma, "unanipandishia bei?"

"Nakukataza mimi. Teremsha mkono."

"Bwana," dalali akasema, "hapa mkono ukienda juu ni pesa. Kama una maneno na mama, mkayamalizie nyumbani."

Mwalimu akatia mikono mfukoni, uso umemshuka. Sindano akamtazama vizuri, machoni, kisha akanyoosha mkono wake kwa mara ya mwisho, pole pole, kila mtu auone. Nyundo ikagonga.

Nyumbani hawakusubiri hata kuvua viatu.

"Sitaki gari juu ya mawe nyumbani kwangu," Mwalimu alisema. "Baba yangu aliweka moja uani, akasema mwezi ujao litatembea. Mama akaanika nguo juu yake miaka kumi na moja. Nimekulia nyuma ya gari ambalo halikwenda popote."

"Hilo lilikuwa gari la baba yako. Hili ni langu."

"La nini, mke wangu? Kama ni kusafiri, mimi nipo. Sema unataka kwenda wapi, nitakupeleka."

"Sitaki kupelekwa."

"Hata kuendesha hujui."

Alipolisema hilo, hata yeye alilisikia. Sindano akakaa kwenye mkono wa kochi na kumtazama.

"Mimi sijui kuendesha," akasema. "Nimeolewa na mwalimu wa udereva miaka kumi na nne, na sijui kuendesha. Umefundisha wauza duka, wanafunzi, manesi, mpaka mjane wa miaka sabini. Mimi kila nikiomba, wiki ijayo. Basi sikiliza. Nimeshona viti vya watu miaka kumi na tisa. Nikimaliza natoka, mwenye gari anaingia, anasema 'ahsante mama,' anaondoka. Sijawahi kwenda hata mtaa wa pili nimekalia mshono wangu. Nataka gari ambalo nikimaliza kushona, siteremki."

Hayo yalikuwa maneno ya kumfanya mume yeyote akae chini afikiri. Lakini Mwalimu alikuwa ameaibishwa mbele ya bosi wake na nusu ya mji, na mtu aliyeaibishwa masikio yake huziba.

"Basi chagua," akasema. "Gari hilo au mimi."

"Usinipe mtihani, Mwalimu. Hapa si shuleni kwako."

"Gari au mimi."

"Gari," Sindano akasema.

Hakulimaanisha hivyo, wala hakulifuta. Mwalimu akachukua begi, akatia mashati mawili na mswaki, akaenda kwa dada yake. Mlango haukupigwa. Sindano alilala na hasira yake kitanda kizima, na ukubwa wa kitanda kile ulimuumiza kuliko alivyotarajia.

Gari likaletwa karakana kwake likiwa limebebwa juu ya lori. Jirani yake wa kazi, fundi wa injini waliyemwita Plagi, akalizunguka mara mbili na kukuna kidevu.

"Injini iko hai," akasema. "Imelala tu. Bodi ndiyo inataka moyo. Umeshakata shauri?"

"Nimelikata zamani."

"Na mume?"

"Wewe tengeneza injini, Plagi."

Wakaanza. Mchana Sindano alishona kazi za wateja, na jioni kabla giza halijaingia alifanya kazi yake. Alikwangua kutu mpaka vidole vikawa vyekundu. Aling'oa viti vyote, akatupa sponji zilizooza, akanyoosha springi moja moja kwa koleo. Alichagua ngozi ya rangi ya kahawa, akaikata bila kuchora, kama alivyokuwa akifanya siku zote, maana mikono yake ilijua. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alikwenda shule nyingine ya udereva, ile inayoshindana na ya mumewe, na kujifunza kwa bwana mnene mpole ambaye kila alipokosea alimwambia tu, "Rudia, dada."

Simu ya kwanza ilitoka kwa wifi yake.

"Wifi, njoo umchukue kaka yangu. Ananipangia masufuria upya. Jana ameniambia nageuza gari vibaya hapa kwangu mwenyewe."

"Anakula?"

"Anakula vizuri sana, hilo ndilo tatizo. Wifi, kusema kweli, anakukumbuka. Anauliza kama umenitumia ujumbe, halafu anajifanya alikuwa anauliza saa."

"Namba yangu anayo, wifi."

"Mna vichwa vigumu nyie wawili," wifi akasema, akakata.

Simu ya pili ilikuja baada ya wiki tano, na hii ilikuwa ya mwenyewe. Sindano aliona jina lake, akaiacha iite mara nne ili asionekane alikuwa akiingoja.

"Nani huyo?" Mwalimu akauliza, bila salamu.

"Nani yupi?"

"Mwanamume unayezunguka naye mjini kila asubuhi. Umeonwa. Mnacheka ndani ya gari."

Sindano akaelewa papo hapo. Angeweza kumaliza jambo lile kwa sentensi moja. Lakini alikumbuka kile kicheko cha mara ya tatu, na jeuri ikampanda mpaka kooni.

"Ah, yule," akasema. "Ni mtu mpole sana. Hanikatazi kitu. Nikikosea ananiambia nirudie."

Simu ikakatika. Sindano akabaki ameishika, kwanza akitabasamu, halafu tabasamu likaisha. Alijua amemchoma mahali pabaya. Akashika simu ampigie, akaiweka, akaenda kukwangua kutu.

Siku ya nne yake, kwenye njia ya kuingia mzunguko mkubwa wa katikati ya mji, saa ambayo kila mtu anachelewa kazini, gari la mafunzo alilokuwa akiendesha lilimzimikia katikati ya barabara. Honi zikaanza kushoto na kulia. Upande wa pili, pua kwa pua, lilikuwa limesimama gari lingine la mafunzo, na ndani yake, kando ya mwanafunzi aliyeduwaa, alikuwa Mwalimu. Akamwona yule bwana mnene. Akaona kilemba cha njano. Akashuka, akaacha mlango wazi, akaja akiwa amekunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kupigana.

Akafika dirishani, akasimama. Aliyeshika usukani alikuwa mkewe. Juu ya paa kulikuwa na kibao cha mwanafunzi, na ubavuni jina la shule ya washindani wake.

Unaweza kufikiri mtu angeomba radhi hapo hapo. Lakini tabia haina likizo.

"Achia klachi taratibu," Mwalimu akasema.

"Nina mwalimu wangu," Sindano akajibu, akapandisha kioo.

Akaliwasha, akatia gia, akaingia kwenye mzunguko, akatoka upande aliotaka. Nyuma, mumewe, mwalimu wa udereva, alibaki barabarani na honi za mji mzima, na madereva waliomfahamu wakichungulia kutoka madirishani.

Mwalimu hakupiga simu jioni ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Sindano akafanya mtihani, akafaulu, akatia leseni kwenye pochi na kuitazama mara nyingi kuliko inavyostahili. Plagi akaiamsha injini. Rangi ikapigwa, maziwa yale yale, taa zote mbili na vioo vyake. Ilibaki siku moja tu ya kufunga viti, naye akavifunga peke yake, kwa sababu hapo hakutaka mkono wa mtu.

Alikuwa akiipangusa dashibodi alasiri hiyo Mwalimu alipoingia karakana, shati limepigwa pasi, amekonda kidogo licha ya masufuria ya dada yake. Akalizunguka gari lote. Akapitisha kidole kwenye mshono wa mlango.

"Limekwisha," akasema.

"Limekwisha."

"Naweza kuliendesha kidogo?"

"Hapana."

"Hata kulitoa tu nje?"

"Hapana, Mwalimu. Ukitaka, kaa kiti kile."

Akaingia upande wa abiria, akakaa, akajisogeza, kisha mwalimu ndani yake akamshinda. "Kiti kimepinda," akasema. "Upande wa kushoto kiko chini."

Kwa fundi kama yeye hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Sindano akazunguka gari kwa hasira, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya ngozi. Vidole vikasimama. Ilikuwa kweli. Sponji ya kushoto ilikuwa chini kwa vidole viwili, imekatwa safi, kana kwamba mikono yenyewe ilikusudia. Miaka kumi na tisa hakuwahi kukata kiti kikapinda.

Akainua macho, akaona jinsi Mwalimu alivyokaa. Miaka ishirini ya kukaa upande, kumtazama mwanafunzi na kutazama barabara kwa pamoja, ilikuwa imemharibia nyonga ya kushoto. Popote alipokaa alikaa nusu nusu, na Sindano ndiye aliyemkanda kila Jumapili. Sasa alikuwa ameegemea moja kwa moja, mgongo wote, mabega yamelegea.

"Haiumi," Mwalimu akasema polepole. "Ulinipima lini?"

"Sikukupima. Nilikuwa nimekukasirikia. Nilikuwa nakata tu."

Wakatazamana. Mwalimu alikuwa na machozi na hakuyaficha.

"Nikwambie ukweli," akasema. "Sikukosa nafasi ya kukufundisha. Niliogopa. Nilisema moyoni, akijua huyu, hatanihitaji tena. Na siku ile kwenye mzunguko nilikuona unaondoka, nikajua nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi," Sindano akasema. Akafuta mikono kwenye gauni. "Wewe sikuhitaji, Mwalimu. Najua kuendesha, nina kazi, nina gari. Nakutaka. Ukitaka kuhitajiwa, rudi kwa dada yako ukapange masufuria. Ukitaka kutakwa, kaa hapo."

Mwalimu akavuta mlango, akaufunga.

"Na kwa lile la yule bwana mnene, nisamehe," Sindano akaongeza. "Hilo nilifanya kusudi, na nilikosa. Kwa gari sikukosa. Gari ningelinunua tena kesho."

"Najua, mpenzi."

"Na kicheko chako kile sikitaki tena."

"Sitacheka."

Akazunguka, akaingia upande wake, akakaa juu ya ngozi aliyoishona mwenyewe. Injini ikanguruma. Plagi akafungua lango la karakana na kusimama kando.

"Tunakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kwanza kwa wifi, kuchukua begi lako. Kutoka hapo nitaamua mimi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe utakaa," Sindano akasema, akatia gia na kuingia barabarani.