Kidole cha Jaji

Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa duka la ushonaji. Cherehani ilikaa mbele ya dirisha, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri pale. Fundi alikaa akitazama dirisha, na mgongo wake aliupa chumba. Nyuma yake, juu ya mkeka, katikati ya vipande vya vitambaa, alikaa mwanawe.

Wateja walimwita Jaji. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa kimya, tena aliwatazama watu usoni kama mtu anayetaka kutoa hukumu.

"Jaji, leo umenifunga miaka mingapi?" walimtania.

Jaji hakujibu. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa hajasema hata "mama".

Mama yake alikuwa mchapakazi. Alipopima na kubana vitambaa, alishika pini kwa midomo. Ukimsalimia wakati huo, alijibu "mm" tu, uso umekaza, usije ukamfanya azimeze.

Lakini Jaji hakuanza hivyo. Miezi michache nyuma alikuwa mtoto wa kelele. Alinyoosha kidole kwa kila kitu: paka aliyepita ukutani, mkasi, taa. Alinyoosha kidole, akamtazama mama yake, akasema, "E!"

Siku moja alikuja muuza nyama kujaribu suruali yake. Alikuwa na kitambi cha kuheshimika, na suruali ilikataa kufungwa. Alivuta pumzi, akavuta tena. Jaji akainua kidole, akakielekeza kwenye kitambi. "E!"

Wateja waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Muuza nyama hakucheka.

"Fundi, huyu mwanao unamfunza kudharau watu?"

"Nisamehe, baba. Ni mtoto."

"Mtoto leo. Kesho je?"

Akakusanya vitambaa vyake vyote, hata vile ambavyo havijakatwa, akavipeleka kwa fundi mwingine.

Tangu siku hiyo Fundi aliamua kumfunza mwanawe adabu. Kila Jaji alipoinua kidole, mama yake alikishika na kukikunja taratibu, kama anavyokunja pindo la nguo. "Hapana. Si adabu." Akiwa na pini mdomoni, hakusema kitu. Alikunja tu. Hakumpiga hata mara moja.

Jaji alijifunza upesi. Kidole kilitulia. Kisha sauti nayo ikatulia.

"Mtoto ana adabu huyu!" wateja walisifu. "Fundi, umelea."

Fundi alishukuru. Hakuona kuwa mtoto anazidi kunyamaza.

Aliyeliona jambo hilo ni shangazi yake Jaji, dada mkubwa wa baba. Alikuja siku moja kushonewa blauzi, akakaa na kumtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Wifi, huyu anasema nini siku hizi?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Bado. Atasema tu, Mungu akipenda."

"Mungu anapenda. Wewe je? Unampa mgongo kutwa nzima! Wangu wote walisema kabla hawajatembea. Huyu atakuwa bubu."

"Wifi, usiseme neno hilo mbele yake."

"Kwani analisikia?"

Shangazi akatoa simu, akampigia mdogo wake. Baba wa Jaji alikuwa dereva wa lori la mizigo, na alikaa safarini kwa wiki nyingi. Shangazi aliweka simu kwenye kipaza sauti ili Fundi asikie.

"Nipe mtoto nikae naye," alisema. "Kwangu kuna watoto wenzake, watamchangamsha. Hapa anakaa na vitambaa."

Kwenye simu kulisikika mngurumo wa lori tu.

"Sawa, dada," dereva alisema mwishowe. "Mwisho wa mwezi nikirudi, tutakuja kumchukua. Mama Jaji, usilie. Ni kwa faida yake."

Fundi hakulia. Alirudi kwenye cherehani. Lakini mshono ulikwenda upogo mpaka mwisho, ikabidi aufumue wote.

Kesho yake hakufungua duka. Alisali, akambeba mwanawe, akaenda kliniki.

Nesi alimsikiliza bila haraka. "Umefanya vizuri kuja," alisema. "Mtoto akichelewa kusema, jambo la kwanza ni masikio. Hatubahatishi."

Jaji akapelekwa kupimwa masikio. Yalikuwa mazima. Fundi alishusha pumzi.

"Sasa," nesi alisema, "kuna mtafiti wa chuo kikuu chumba cha mwisho. Anachunguza jinsi watoto wanavyozungumza kabla ya kuwa na maneno."

"Wanazungumzaje bila maneno?"

"Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, tena kwa kucheka. Nenda ukamwone."

Mtafiti alikuwa mwanamke kijana. Alikuwa amevua viatu na kukaa sakafuni kati ya vitu vya kuchezea. Pembeni ilisimama kamera yenye miguu mitatu.

"Karibu, mama. Kazi yangu ni kutazama tu. Ninarekodi mama na mtoto wakicheza. Ukikataa, hakuna ubaya, na huduma yako hapa haibadiliki. Ukikubali, hakuna atakayeonyeshwa picha hizo bila ruhusa yako."

"Dada yangu, mimi nikiona kamera naganda kama nimekuja kupiga picha ya kitambulisho."

"Ganda tu. Kamera haina haraka."

Fundi akacheka, akakubali. Alikaa na Jaji, wakapanga vikombe. Punde mwanasesere akachomoza juu ya kabati. Mtafiti alikuwa amemvuta kwa uzi. Jaji alimtazama. Fundi, aliyekuwa akipanga vikombe, hakuona kingine.

Baadaye mtafiti alimwita waangalie picha pamoja. "Tazama mikono yake," alisema.

Fundi alimwona mwanawe kwenye kioo cha kamera. Mwanasesere alichomoza. Mkono wa kulia wa Jaji ukapanda, kidole kikanyooka. Jaji akageuka kumtafuta mama yake kwa macho. Kisha mkono wake wa kushoto ukaja, ukakishika kile kidole, ukakikunja.

"Rudisha," Fundi alisema.

Mtafiti akarudisha. Mtoto alikikunja kidole chake mwenyewe, taratibu, kama pindo la nguo.

Fundi alijifunika uso kwa viganja. "Ni mimi, dada. Ni mimi niliyemfunza. Alimsonta mteja kwa kidole, nikaona aibu."

"Ulitaka awe na heshima, na heshima ni kitu kizuri," mtafiti alisema. "Lakini mtoto wa umri huu hasonti kwa dharau. Kidole ndiyo sentensi yake. Akisonta, kisha akakutazama, anakwambia, 'Mama, umekiona ninachokiona?' Au, 'Nipe kile.' Watoto wengi huanza karibu na mwaka wa kwanza. Na tukiwafuatilia, mara nyingi tunaona kwamba wanaosonta na kujibiwa hupata maneno mapema zaidi."

"Nimjibu, na yeye hajui kusema? Itamsaidia nini?"

"Wewe mteja akija, unaanza kukata au unaanza kupima?"

"Napima kwanza."

"Basi yeye sasa anapima. Kukata kutakuja."

Fundi alimpakata mwanawe. "Nifanyeje?"

"Kaa mahali atakapouona uso wako, maana anausoma. Akisonta, tazama anapotazama. Kitaje kitu. Kisha nyamaza umsubiri, usimjazie maneno kama redio. Akisema 'e', hiyo ni zamu yake. Mpokee."

"Na wateja wenye vitambi?"

Mtafiti alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwambie, 'Hilo ni tumbo la baba. Tumpungie mkono baba.' Hapo amepata neno, na amepata salamu. Lakini mama, siahidi miujiza. Wapo watoto wanaochelewa kwa sababu nyingine. Usipoona mabadiliko, rudi kwa nesi mapema, apelekwe kwa mtaalamu. Usikae nyumbani ukisema atakua tu."

Fundi alirudi nyumbani, akaisukuma cherehani pembeni ya dirisha. Sasa mwanga ulimjia ubavuni, na uso wake ulimwelekea Jaji. Alishona mto mdogo kwa mabaki ya vitambaa, akaufunga mkononi, na pini zote zikahamia huko.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo alianza yeye kusonta. "Jaji, mkasi. Ona, uzi mwekundu." Kisha alisubiri, mguu umetulia kwenye kanyagio.

"Fundi, siku hizi unajisemea peke yako?" mteja mmoja aliuliza.

"Naongea na Jaji."

"Amekujibu?"

"Faili langu bado analisoma."

Asubuhi moja mjusi alipita ukutani. Mkono wa Jaji ukapanda, kidole kikanyooka. Mara mkono wa kushoto nao ukaanza kuja. Fundi aliangusha nguo ya watu chini, akanyoosha kidole chake kule kule.

"Mjusi! Umemwona mjusi?"

Mkono wa kushoto ukasimama hewani. Jaji alimtazama mama yake usoni, akamtazama mjusi, akamtazama mama tena. Mkono ukashuka wenyewe.

"E!" alisema.

"Ee, mjusi!"

"E!"

Fundi alikaa sakafuni karibu naye. Moyoni alimshukuru Mungu.

Mwisho wa mwezi ulifika. Dereva na dada yake waliingia dukani jioni jua halijazama. Shangazi alikuwa na mkoba mkubwa mtupu.

"Nguo zake ziko wapi, wifi?"

"Kaa kwanza, wifi."

"Sikuja kukaa."

Jaji alikuwa mapajani mwa mama yake. Shangazi aliposema, lilionekana pengo mbele, la jino lililong'oka zamani. Watu wote wa ukoo walijua kwamba pengo lile halitajwi. Jaji akainua kidole, akakielekeza pale pale.

"E?"

Dereva akakohoa kwa nguvu, akageukia mlango.

"Ananisonta mimi?" shangazi aliuliza.

"Anakuuliza hicho ni nini," Fundi alisema. Safari hii mkono wake haukwenda kwenye kidole cha mtoto. "Mjibu, wifi."

"Nimjibu nini!"

"Kweli tu."

Shangazi alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama shangazi, kidole bado kimenyooka. Polepole yule mwanamke mkali akainama.

"Ni pengo," alisema. "Pengo la shangazi."

Fundi alisubiri. Wote wakasubiri.

"Pe," Jaji alisema.

"Amesema nini?"

"Pe!"

Shangazi aliangua kicheko, mdomo wazi, pengo lote nje. "Huyu si bubu, huyu ni mpelelezi! Mwangalie! Amenipekua mpaka kinywani!"

"Sasa dada, mkoba huu tuutie nini?" dereva aliuliza.

"Mkoba wangu unakuhusu nini? Ninapita sokoni." Shangazi akaukunja, akauweka nyuma ya mgongo wake.

Jaji alikuwa amegeuka. Sasa kidole chake kilimwelekea yule mwanamume mrefu mlangoni, ambaye hakumwona mara kwa mara. Akamtazama mama yake, akingoja.

Fundi alilijua jibu, lakini hakulitoa. Alimtazama mumewe, akamwachia zamu.

Dereva alivua kofia. Alipiga hatua, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Baba," alisema. "Mimi ni baba yako. Na huendi popote."