Saa Moja ya Nani?

"Dada, nimesimama darajani kama mlingoti, masaa mawili mazima, na mtu hakutokea."

Mkunga alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, simu ameiegemeza kwenye kikombe, anakunja nguo kwa hasira. Nguo ya kukunjwa kwa hasira haikunjiki. Blauzi moja alikuwa anairudia mara ya tatu.

"Ulimpigia?" aliuliza dada yake kutoka nyumbani, mipaka kadhaa mbali.

"Nilimpigia. Iliita mpaka ikachoka."

"Basi jibu ndilo hilo, mdogo wangu. Mwanaume amekaa ughaibuni miaka thelathini, hana mke, anaziba pancha za watu. Wewe ulitegemea nini?"

"Alisema ana swali la kuniuliza."

"Amelimeza. Kesho panda ndege urudi, tuyasahau."

Tiketi ilikuwa pale kitandani. Kesho, saa tano asubuhi.

Huyu Mkunga alikuwa mjane wa miaka tisa, na kazi yake aliifanya mpaka akawazalisha mabinti wa wale aliowazalisha mwanzo. Siku anastaafu, watu walidhani atafuga kuku. Yeye akapanga chumba juu ya duka la mkate, katika mji ambao hata salamu zake hakuzijua, kwa miezi mitatu. Hakwenda kukimbizana na kamera. Alikwenda kuishi. Siku nzima ingeweza kuishia kwenye kununua kitunguu kimoja: ashuke ngazi taratibu, amsalimu muuza mboga kwa maneno matano aliyonayo, asahihishwe neno la tatu, wacheke wote wawili, arudi. Mchana akijilaza, aliutazama mwanga wa dirisha ukitambaa ukutani, kutoka kwenye kitasa cha mlango mpaka kwenye shuka, na kifua kikamjaa kama mtu aliyefunuliwa siri. Miaka thelathini na mitano ya kukimbia wodini hakuwahi kujua kwamba mwanga hutembea.

Fundi naye alimpata kwa pancha. Siku hiyo Mkunga aliitukana baiskeli ya kukodi mbele ya karakana, kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumwelewa. Sauti ikatoka ndani:

"Mama, tusi hilo sijalisikia miaka mingi. Hebu lirudie, tafadhali."

Basi ndiyo ikawa hivyo. Akamwazima baiskeli nzuri, akamfundisha kupanda tramu mpaka kituo cha mwisho na kurudi bila sababu yoyote. Kiswahili chake kilikuwa cha kukaa kabatini, kila sentensi anaikung'uta vumbi kwanza. Halafu jana akamwambia: "Kesho njoo darajani saa moja. Nikuonyeshe kitu, nikuulize na kitu."

Simu ikatoa mlio. Ujumbe. Mkunga akamsomea dada yake kwa sauti:

"Nimekusubiri sana. Nimeelewa jibu lako, wala sikulaumu. Safari njema, Mkunga."

"Amenisubiri?" akasema. "Amenisubiri wapi, ndotoni?"

"Huyo ni mwongo mwenye adabu," dada akasema. "Hao ndio wabaya zaidi."

"Nampelekea baiskeli yake."

"Mpelekee, ila usikae. Ukikaa utapewa chai, na chai ndiyo inayokuponza."

Fundi alikuwa ameinamia gurudumu, anakaza nyaya zake moja moja, analizungusha, anasikiliza. Hakuinua kichwa.

"Hodi. Baiskeli yako hii hapa."

"Ungeiacha tu hapo nje, Mkunga."

"Nataka kuuliza. Mtu mzima na mvi zako, unasema uongo wa nini?"

"Uongo gani?"

"Kwamba ulinisubiri. Saa moja mimi niko pale, nimevaa lile gauni ulilolisifu, baridi inanitafuna magoti. Hata kunguru walinihurumia."

Hapo akainua kichwa. "Saa moja mimi nilikuwa pale. Nilikuja na mkate na jibini, vipande vyangu na vyako. Nikala vyangu. Nikakaa na vyako. Mwisho nikala na vyako."

"Na simu yangu je?"

"Niliikuta nilipofungua duka, simu yangu hulala hapahapa. Nikajua umepiga mapema ili unikatae bila kunitazama usoni. Nikaogopa kukupigia. Nikasema, ngoja niende tu, huenda akabadili nia."

"Yaani ulifungua duka kwanza, ndipo ukaenda?"

"Ndiyo. Nilifunga mchana, nikaenda."

Mkunga akashika ukingo wa meza. "Saa moja ya mchana?"

"Saa moja, jua utosini. Mji mzima unakula saa hiyo."

Sasa hapo, ndugu yangu, kama ni mtu mwingine angeendelea kugomba. Huyu alikuwa mkunga. Mtoto akizaliwa, mdomo wake ulimwambia mama mtu, "Saa saba mchana," na mkono wake ukaandika kumi na tatu kwenye kadi. Alibeba saa za aina mbili kichwani miaka yote hiyo, hazikuwahi kugongana hata mara moja.

"Fundi," akasema polepole, "hebu nihesabie saa kwa Kiswahili. Jua likishachomoza, watoto wanaingia shuleni, ni saa ngapi?"

"Ni saa..." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vyeusi kwa grisi vikasimama hewani. "Saa moja."

"Na jua likipita utosini kidogo?"

Akakaa juu ya kopo la rangi. "Saba. Nilitaka kusema saa saba. Miaka thelathini nahesabu kwa lugha yao, Mkunga. Niligeuza maneno, saa zenyewe sikuzigeuza."

"Umenigandisha kwa hesabu ya darasa la kwanza."

"Nipige."

"Nitakupiga. Ngoja nimalize kucheka."

Walicheka mpaka mpita njia akachungulia. Kisha wakakumbuka wote wawili kwamba kesho kuna ndege.

"Ulitaka kuniuliza nini?"

"Nilitaka kukuonyesha kwanza. Mchana daraja lile hugawanyika katikati, linasimama wima, mashua zinapita. Watu hushuka baiskeli, wanasubiri, wala hawanung'uniki."

"Mchana nitakuwa angani. Kesho mimi ndiye nitakuonyesha. Saa moja. Ya kwetu."

"Asubuhi kuna nini pale? Miaka yote hii sijaona kitu."

"Saa hizo huwa umelala."

Asubuhi Fundi alifika kabla yake, amechomekea shati. Mkunga akaja anaburuta sanduku. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto kama mtoto aliyeshiba.

"Sioni kitu," Fundi akanong'ona.

"Nyamaza. Tazama chini ya matao."

Kwanza ilikuwa sauti, kama nguo moja kubwa inachanwa. Ndege wadogo wakatoka chini ya daraja, mia, elfu, wakaupasua ukungu, wakapanda kama moshi, wakageuka wote kwa pamoja bila wa kuwaamuru. Anga ikawa nyeusi, ikawa fedha, ikawa nyeusi tena. Upepo wa mabawa ukawapiga usoni. Halafu wakaondoka, ukabaki ukimya ambao Mkunga aliujua vizuri: ule wa chumba cha kujifungulia mtoto akishalia mara ya kwanza, kila mtu amesahau kupumua.

Fundi alikuwa analia wala hajifuti.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Nilikuja jana kukutafuta wewe, nikawakuta hawa. Nilikukasirikia, lakini siwezi kusema sikupewa kitu."

Akamgeukia. "Baki, Mkunga. Nikuoe. Chumba changu kina dirisha la mashariki."

Mkunga akaliachia sanduku. Hilo ndilo swali, na ndilo lililomnyima usingizi.

"Sibaki. Nilikuja kutembea, sikuja kuhamia."

Fundi akainama, akashika mkono wa sanduku ambebee mpaka kituoni.

"Subiri, sijamaliza. Wazazi sina, dada ndiye mzee wangu. Nenda ukamwombe yeye, uso kwa uso."

"Nitafute tiketi leo?"

"Ndege ya nini? Twende kwa treni, kwa basi, mahali pengine kwa miguu. Kila mji tukae mpaka tujue bei ya kitunguu. Vyumba viwili, mpaka dada aseme."

"Itachukua mwaka mzima."

"Una haraka?"

Akafuta macho kwa kiganja, akajipaka grisi shavuni. "Sina," akasema. "Sina hata kidogo."

Simu ikaita.

"Umeshafika uwanja wa ndege?" dada aliuliza.

"Niko darajani, dada. Ndege naiacha iende. Narudi kwa nchi kavu, na Fundi. Anakuja kukuomba."

Dada akaguna kwanza.

"Umezalisha watoto wa watu wote, sasa uzeeni unataka kuzaliwa wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Mpe simu huyo bwana."

Fundi akaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Chakula unapika?"

"Napika."

"Unakoroma?"

Akamtazama Mkunga, akaona hakuna msaada. "Nakoroma, dada."

"Afadhali umesema kweli. Haya, njooni. Na mje polepole hivyohivyo, mimi bado sijamaliza kukasirika."