Kiraka cha Ndani

Mkaa wa pasi ulikuwa umemwishia, kwa hiyo jioni hiyo fundi cherehani alitoka kwenda kununua kopo moja kwa jirani. Ulikuwa mkaa wa hifadhini, kila mtu alijua. Sare za askari wa hifadhi alizozishona alizipiga pasi kwa mkaa wa miti waliyotumwa kuilinda. Zamani jambo hilo lilimkera. Siku hizi hata halikumgusa.

Zamani pia, akiwa kwenye cherehani, alisikia tembo wakivunja mianzi nyuma ya karakana, na nyani wakigombana hadi anacheka peke yake. Tangu watu wenye bunduki waingie msituni, kilichosikika ni mashoka. Na risasi. Kitambaa cha sare mpya kilikoma kuja. Shati la askari aliyeuawa lilirudi limefuliwa, yeye akaziba tundu kwa kiraka cha ndani kisichoonekana, likavaliwa na askari mpya. Alishaziba mangapi? Hakumbuki. Moyo ulikuwa umeota sugu.

La jioni hiyo lilikuwa la kitindamimba wake. Alfajiri angeondoka na doria yake ya kwanza, na asiye na sare alirudishwa nyumbani. Alimchagulia lililo zima kuliko yote: tundu moja tu, chini ya kwapa la kushoto. Hakumwambia lilikotoka.

Akawasha pasi, akainamia meza.

Fyuu...

Akadhani ni pasi.

Fyuu... fyuu...

Ikaingia harufu ya majani yaliyooza, ya matope mabichi. Na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Hodi, fundi."

Mwanamume alisimama mlangoni, suruali ya sare, blanketi mabegani. Wanaotoka doria huja hivyo hivyo, basi hakushtuka.

"Karibu. Sema shida yako."

"Shati langu," alinong'ona, akionyesha mezani.

"Hili ni la mwanangu."

"Umeliziba."

"Ndiyo kazi yangu, baba."

"Nilikuwa napumulia hapo."

Blanketi likateleza. Chini ya kwapa la kushoto, tundu...

Fyuu...

 Mkasi ulikuwa mezani kando ya pasi, na alijua fika anachoombwa. Lakini akifumua kiraka, mwanawe ataona tundu, ataingia msituni na hofu. Akimpa mgeni shati, mwanawe hana kazi. Ulimi uliozoea kuwapiga wateja kalenda kwa miaka ishirini ukaitangulia akili.

"Njoo kesho."

Mgeni akajifunika tena blanketi.

"Sawa, fundi. Kesho."

Alfajiri mwanawe alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo. "Mama, limenikaa utadhani nilipimwa!"

Angeweza kusema. Alimfunga kifungo cha juu tu.

Saa saba mchana habari zikafika. Doria imevamiwa. Wawili wamekufa, mwanawe haonekani. Majirani waliangua kilio. Yeye alirudi kwenye cherehani akashona shati jingine, hata hakuuliza la nani.

Jua lilipokuwa linazama mlango ukasukumwa.

Mwanawe.

Mzima, matope hadi magotini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi fundi akalia kwa sauti, akamkumbatia, akampapasa mgongo na mbavu akitafuta jeraha. Hakuna. Shati halikuwa na tundu jipya hata moja. Ila mwili ulikuwa wa baridi, na ile harufu ya majani ilikuwa imeingia naye.

Kijana akanyanyua mkono wa kushoto taratibu, kama mteja anayepimwa.

"Fundi," akanong'ona. "Uliniambia nije kesho."

Mwanawe hakuwahi kumwita fundi.

Alichukua mkasi. Akakata uzi mmoja mmoja. Kiraka kikaanguka sakafuni.

Fyuu...

"Mwanangu yuko wapi?"

Yule akashusha mkono, akaelekea mlangoni, sasa akipumua vizuri.

"Njoo kesho."

Mlinzi wa lango la hifadhi anaapa kwamba jioni ile hakuna aliyeingia wala kutoka. Ila tangu hapo, kila jua likizama, fundi yuko pale langoni na kiraka mkononi. Mlinzi humwambia, "Mama, nenda ukapumzike, bado wanamtafuta." Fundi humjibu kwa upole kwamba ameambiwa aje kesho, kisha husimama akisikiliza upande wa msitu mpaka giza linaingia.