Daftari la Mwaka wa Kumi

Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, magazeti ya kufungia karanga yaliisha. Falonne alikuwa bado na bakuli zima la karanga zilizokaangwa. Nje ya lango, bibi yake, Mukaka Kasika, alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake kidogo akisubiri watu wanaotoka kazini.

Hiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku baada ya shule, huko Vulamba, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Mukaka alikaanga na kuuza. Falonne, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikata karatasi, akaikunja kama pembe, akaijaza karanga na kuifunga juu. Mukaka hakujua kusoma, kwa hiyo kuchagua karatasi ilikuwa kazi ya mjukuu wake.

Chini ya meza ya mama yake Falonne kulikuwa na katoni ya makaratasi ya zamani. Falonne alitoa humo daftari kubwa lenye jalada jeusi na madoa ya matope. Ndani yake mlikuwa na tarakimu za buluu zilizoanza kufifia. Mama alikuwa kazini, karanga zilikuwa zinapoa, na daftari lilionekana limechakaa. Falonne hakuuliza mtu. Alipasua karatasi ishirini na sita, kisha akalirudisha daftari kwenye katoni. Kufika saa kumi na mbili jioni, karanga zote zilikuwa zimenunuliwa, na zile karatasi zilikuwa zimetawanyika njiani hadi sokoni.

Mama yake, Adèle, alikuwa mhandisi wa maji. Kwa miaka kumi alikuwa amepima chemchemi na kusimamia ulazaji wa mabomba kutoka Lubero hadi Beni. Mradi aliokuwa akiufanyia kazi ungefungwa mwisho wa mwaka, na hakukuwa na mradi mwingine uliotangazwa. Kwa hiyo alikuwa ameomba viza ya Kanada, ile inayotolewa kwa wafanyakazi wenye ujuzi, ili aende na mume wake Gérard pamoja na Falonne. Gérard alikuwa akinunua viazi vya biashara huko Kipese, na alirudi nyumbani kila Jumapili.

"Hii haiko tombola ya bahati," Adèle alikuwa amemwambia binti yake. "Wanaangalia diploma, wanaangalia luga, wanaangalia miaka ya kazi. Na kila mwaka inaomba ushahidi."

Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya Adèle kutoka ofisi ya ng'ambo inayokagua uzoefu wa wahandisi. Aliusoma mara mbili. Ofisi ilihitaji miaka kumi, na hati zake zilithibitisha tisa. Mwaka 2015 haukuwa na hati yoyote iliyosainiwa. Alipewa hadi tarehe thelathini ya mwezi huo kuleta ushahidi. La sivyo ombi lake lingekataliwa.

Mwaka huo Adèle alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo iliyopeleka maji katika mtaa mmoja wa Beni. Mwenye kampuni alikuwa amefariki na ofisi ilifungwa zamani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwandikia hati. Lakini hakushtuka.

"Niko na daftari ya chantier, ya pale tulikuwa tunalaza mabomba," alisema. "Kila wiki karatasi moja, na kila karatasi ilisainiwa. Nitaitafuta jioni."

Falonne alikuwa mlangoni na mkoba wake wa shule. Mama alipoingia jikoni, alilitoa daftari kwenye katoni haraka na kulificha chini ya godoro lake, kisha akakimbilia shuleni.

Jioni hiyo Adèle alimwaga katoni nzima sakafuni. Alitafuta kabatini, juu ya kabati na ndani ya masanduku ya nguo. Mwishowe alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, haukufungia karanga na daftari moja nyeusi?"

"Nyeusi?" Mukaka Kasika akauliza. " Mimi nitajua je, mutoto wangu? Kwangu karatasi yote ni karatasi." Alitazama mikono yake. "Pengine ni mimi. Kama ni mimi, unisamehe."

Falonne alikuwa akichambua mboga hatua tatu kutoka pale. Aliinama zaidi juu ya ungo.

Siku iliyofuata Mukaka hakukaanga. Aliiosha sufuria yake ya karanga, akaifunika kifudifudi nyuma ya mlango, na kukaa ndani. Wateja walipopita kuuliza, alijibu kwamba amechoka. Jumatano ilikuwa vilevile.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko shuleni, Falonne alimweleza rafiki yake Amina jambo lote. Amina alikuwa binti wa Issaka, dereva anayebeba abiria kati ya Butembo na Beni, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Donc wewe unalala juu ya daftari, na mukaka yako anabeba kosa yako?"

"Naogopa mama atanipiga."

"Akupige mara moja, iishe. Mukaka yako yeye anapigwa kila siku, na hata fimbo hatuione." Amina aliuma kipande cha muwa. "Na mimi tangu Jumatatu sikukula karanga. Fikiria na mimi!"

Falonne alicheka kidogo, lakini aliporudi nyumbani bado hakusema.

Wakati wa chakula, kabla ya giza, Adèle alizungumza bila kumtazama mtu. Alikuwa amepita kwa Mathe, mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko.

"Mathe anasema anaweza kutengeneza muhuri ya ile kampuni. Na hati pia. Mu saa moja tu inaisha."

"Na kule Kanada, kama banauliza?" Mukaka akasema.

Adèle alilijua jibu. Alikuwa amelisoma katika masharti: mtu akikutwa na hati ya uongo, ombi lake hufungwa, na haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano. Alisukuma sahani yake pembeni.

"Ile kazi niliifanya, Mama. Haiko uongo. Kitu inakosekana ni karatasi tu. Kesho asubuhi nitapita kwake."

Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Adèle alikuwa akifunga viatu. Falonne alitoka chumbani na daftari jeusi, akaliweka juu ya meza, mbele ya mama na bibi yake.

"Mama, haiko Mukaka. Ni mimi njo nilipasua."

Adèle hakupiga kelele. Alilifungua daftari na kupitisha kidole kwenye ncha zilizochanika.

"Karatasi ngapi?"

"Makumi mbili na sita. Nilizihesabu."

"Siku gani?"

"Alhamisi ile ingine. Magazeti iliisha."

"Ulifanya kusudi, juu tusiende Kanada?"

"Hapana, Mama! Niliona imezeeka tu. Sikuuliza."

"Na Jumatatu, wakati nilikuwa namwaga katoni, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale." Sauti ya Falonne ilishuka. "Niliogopa. Nilikuwa nimeificha chini ya matela." Kisha akamgeukia bibi yake. "Mukaka, unisamehe. Nilikuacha ubebe kosa yangu."

Mukaka Kasika aliweka kikombe chake chini taratibu. "Donc tangu Jumatatu mimi niko mwizi wa karatasi, bure?" aliuliza. "Na miguu yangu niliipumuzisha bure?" Halafu akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na kumvuta mjukuu wake karibu.

Adèle hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya daftari. Nusu ya kwanza ya mwaka ilikuwa imekwenda na karanga, lakini nusu ya pili ilikuwepo. Chini ya kila ukurasa uliobaki palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko mwembamba: *Imepokelewa. Karatasi ya juu inabaki kwangu.* Baada ya maneno hayo lilifuata jina na saini: Zorobabel.

Ndipo alipokumbuka namna walivyofanya kazi. Kila wiki aliandika ripoti yake juu ya karatasi mbili zenye kaboni katikati. Jumamosi alichana ile ya juu na kumkabidhi Zorobabel, katibu wa komite ya maji ya mtaa, ambaye alisaini zote mbili. Ile ya chini, yenye wino wa buluu wa kaboni, ilibaki katika daftari. Kwa siku tatu Adèle alikuwa ameifikiria kampuni iliyokufa, na hakuwafikiria wale waliopokea kazi yenyewe.

Alipiga simu kwa watu watatu kabla ya kupata namba ya Zorobabel. Saa mbili kasoro dakika ishirini, sauti ya mzee ikaitika kutoka Beni.

"Ingénieur Adèle? Wa maji? Karatasi zenu ziko. Mimi siwezi kutupa karatasi ya batu. Mukuje."

Adèle alikata simu, akaketi, akapumua kwa nguvu. Kwa Mathe hakupita.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Adèle na Falonne walipanda gari la Issaka. Issaka aliwaambia abiria wake wote neno lile lile: saa nane kamili anageuza, na asiyekuwepo atalala Beni. Saa tatu na nusu walikuwa wamefika kwa Zorobabel.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na moja, aliyevaa shati lililopigwa pasi. Sanduku la bati lilikuwa tayari katikati ya sebule. Ndani yake karatasi zilikuwa zimefungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka.

"Nani alipasua?" aliuliza.

Falonne aliinua mkono, kama darasani.

"Ah! Wewe njo uliuzisha maji yetu ndani ya karanga?" Uso wake haukuonyesha kama anatania. "Muzuri. Mwenye kupasua njo atahesabu. Kwa sauti."

Falonne alihesabu, huku mama yake akisoma tarehe moja moja. Zilikuwa karatasi hamsini na mbili, tangu wiki ya kwanza ya Januari hadi ya mwisho ya Desemba 2015. Panya walikuwa wametafuna pembe ya karatasi ya Machi, lakini saini na tarehe zilisomeka. Zorobabel aliandika pia barua ya kuthibitisha kwamba alizipokea mwenyewe, akaongeza namba yake ya simu, kisha akamtolea Falonne daftari dogo.

"Saini hapa kwamba umezipokea. Nitazingoja zirudi."

"Hata sasa, Papa? Ile maji ilifika kitambo," Falonne alisema.

"Ilifika, njo maana batu banaweza kuuliza ilifika je. Saini."

Falonne alisaini.

Walipokuwa wakirudi, bahasha ilikuwa juu ya magoti ya Falonne, na aliishika kwa mikono miwili. Baada ya muda mama yake akaanza kusema.

"Unisikilize muzuri. Alhamisi ulikosa juu haukuuliza. Ile ni kosa ya mutoto, inatengenezwa. Jumatatu ulinyamaza, na mutu mwingine akalipa. Ile njo kosa kubwa. Na mimi pia nilikuwa nataka kukosa. Nilikuwa na kazi ya kweli, nikataka kuishuhudia na muhuri ya uongo. Kama haungesema, ningefika kwa Mathe, na miaka yangu yote kumi ingeharibika juu ya moja."

"Kwa hiyo haukasiriki?"

"Nimekasirika sana. Tangu leo, muda wa mwezi mmoja, utaosha sufuria ya Mukaka peke yako. Lakini ushike hii: kitu ulifanya kweli kinaachaka alama mahali. Ukisema ukweli mapema, tunapata wakati wa kuitafuta ile alama. Ukinyamaza, wakati unaisha na sisi tunatafuta mahali hakuna."

Issaka, aliyekuwa akisikiliza kwenye usukani, alisema kwamba naye maneno hayo angempelekea Amina. Falonne alijibu kwamba Amina anayajua tayari.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, karatasi zote hamsini na mbili zilipigwa picha, moja moja, na kutumwa ng'ambo pamoja na barua ya Zorobabel. Zilibaki siku tisa kabla ya tarehe thelathini. Wiki iliyofuata mtu wa ile ofisi alimpigia Zorobabel simu kwa Kifaransa. Mzee alimjibu kwa dakika kumi na tano na kumsomea tarehe za mabomba kutoka daftari lake la komite.

Jibu liliingia siku ya Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Lilikuwa na sentensi tatu. Ya pili ilisema kwamba mwaka 2015 umekubaliwa na kwamba uzoefu wa miaka kumi umethibitishwa. Ombi la viza lingeendelea. Adèle alimsomea mama yake, kisha akampigia Gérard aliyekuwa Kipese, akamsomea tena.

Alasiri hiyo sufuria ya Mukaka Kasika ilikuwa juu ya moto. Saa kumi, Falonne aliingia kwa mama yake na gazeti la zamani mkononi.

"Mama, hii naweza kupasua?"

Adèle aliligeuza, akasoma upande wa kwanza, akasoma na wa pili.

"Pasua," alisema.