Vidonge vya Kimotho

Kila asubuhi Kipkorir aliketi mlangoni pa nyumba yake, karibu na Roret. Mkono wake wa kulia ulilala pajani, mzito. Barabarani alipita Kimotho, jirani yake mwenye duka, akitembea bila mkongojo. Wote wawili walikuwa wamepatwa na kiharusi mwezi uleule.

"Muone anavyotembea," Kipkorir alimwambia mkewe, Chepkemboi. "Anataka nimwone."

"Anaenda kufungua duka tu, Baba Noah."

"Hapana. Yeye alipewa dawa nzuri. Mimi nikapewa hizi."

Wivu ulimzidi. Akaacha kumeza vidonge vyake vya presha. Siku ya nne alimwomba Kimotho dawa. Kimotho akamhurumia, akamgawia vidonge sita.

Kabla hajavimeza, alifika Wilkista, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimpima presha. Ilikuwa juu sana. Kisha akaona vidonge mezani.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya Kimotho. Kwa nini yeye apone, mimi nikae hapa kama gunia?" Machozi yalimtoka.

Wilkista hakumgombeza. "Mzee, mshipa wa Kimotho uliziba kichwani. Dawa hii inazuia damu yake isigande. Wewe mshipa ulipasuka, damu ikavuja kwa ubongo. Ukimeza hii, unaweza kuvuja tena. Unaweza kufa."

"Na yangu je?"

"Yako inashusha presha, ili usipigwe na kiharusi mara ya pili. Meza kila siku, hata ukijisikia mzima. Usiache bila kumuuliza daktari. Lakini mkono unataka mazoezi. Sasa twende hospitali, hii presha haingoji."

Huko daktari alimrudisha kwenye dawa zake. Presha iliposhuka, Kipkorir alimrudishia Kimotho vidonge vyake.

"Wewe unafanya mazoezi gani?" aliuliza.

Kimotho alicheka. "Mke wangu Nyaguthii ananikunja mguu kila jioni mpaka nalia. Wewe unaniona asubuhi tu."

 Kipkorir hakuwa amewaza jambo hilo.

Tangu siku hiyo, Chepkemboi alimpa dawa kila baada ya chai ya asubuhi. Jioni wanaume hao wawili walifanya mazoezi pamoja, wakilalamika pamoja.

Mwezi wa sita tangu waanze, Kipkorir alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe, vyote, akaenda kanisani. Kimotho, ambaye bado alifungiwa vifungo na mkewe, alimkazia macho kifuani.

"Wewe umemeza nini?" aliuliza kwa wivu.

"Dawa zangu mwenyewe," akajibu Kipkorir.