Komeo la Saa Kumi na Moja

Harufu ya sabuni ndiyo iliyotangulia. Haikuwa sabuni ya maua aliyoizoea Coralie. Ilikuwa ile nyekundu ya zamani, kali, ya kukereketa koo. Aliinusa Jumatatu akikoroga mchuzi wa mkia wa kangaruu, akafungua makabati yote, akapiga magoti akachungulia chini ya sinki. Hakuona kitu.

Mama yake, Bi Delphine, alikuwa mezani na chai yake. Alikuwa na miaka sabini na minane na mkono usiojua kutetemeka. Siku hiyo kikombe kilimponyoka.

"Nani kaileta humu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nini, mama?"

"Basi. Achana nayo."

Kitu kipya nyumbani mle wiki hiyo kilikuwa kimoja tu, nacho ni mlango. Bweni la wasichana la misheni, ng'ambo ya mto, lilikuwa limebomolewa na mbao zake kugawiwa kwa yeyote mwenye gari la kuzibeba. Reg, kaka yake Coralie, alipita akachukua mlango mmoja akaufunga kwenye chumba cha mtoto, Wynnie. Komeo lake lilikuwa upande wa nje. Alilivunja, akalitupa mtoni, akaziba matundu ya skrubu na kuupaka mlango rangi ya njano.

"Mama akijua ulikotoka, atakuchuna ngozi," Coralie alimnong'oneza.

"Hatajua. Na ofisa si alisema chumba cha mtoto lazima kiwe na mlango? Huo hapo. Mbao kama hii siku hizi uipate wapi?"

Coralie akaukubali mlango, kwa sababu ofisa wa ustawi alikuwa anakuja Alhamisi. Wynnie, mjukuu wake wa miaka sita, alikuwa kwake tangu mama yake alipolazwa hospitali ya mbali. Ofisa asiporidhika, mtoto angepelekwa kwa watu baki. Katika ukoo ule jambo hilo halikuwa la kubuni. Bi Delphine mwenyewe, kama watoto wengi wa wenyeji wa asili, alinyakuliwa na watu wa serikali ukingoni mwa mto akiwa na miaka minne, akafungiwa katika bweni lile lile hadi alipovunja ungo.

Jumanne, saa kumi na moja kamili jioni, jua bado likiwaka na kasuku weupe wakipiga kelele mitini, Coralie alisikia chuma kikisuguana na chuma. *Krrr-tak.* Komeo limefungwa. Alikwenda mbio. Mlango wa njano ulikuwa wazi kidogo, na pale palipokuwa na komeo hapakuwa na kitu ila rangi.

Ndani, Wynnie alisimama wima kando ya kitanda kilichotandikwa bila hata mkunjo mmoja, mikono ameinyoosha mbele, viganja chini.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Namngoja anikague kucha."

"Nani?"

"Matroni," alijibu mtoto, midomo ikitikisika kidogo tu. "Bibi, usiongee kwa nguvu. Wenzangu wanaadhibiwa."

"Wenzako gani?"

Wynnie aligeuza macho bila kugeuza kichwa, akaanza kuhesabu hewa iliyokuwa kando yake, mmoja, wawili, watatu, mpaka ukutani.

Jioni ile Coralie alimweleza mama yake kila kitu, pamoja na habari ya mlango. Bi Delphine hakumchuna mtu ngozi. Alijifuta mdomo kwa kiganja kana kwamba kuna kitu kimeushika.

"Saa kumi na moja ndiyo Matroni alikuwa anatufungia," alisema. "Kiangazi, masika, jua liwe juu lisiwe juu. Na anayeteleza akasema neno moja la kwetu, alitiwa ile sabuni kinywani, akaitafuna."

"Reg aung'oe leo hii!"

"Na kesho kutwa ofisa akute chumba hakina mlango? Utamwambia nini? Kwamba kuna mzuka?" Bi Delphine alicheka bila furaha. "Ataandika bibi mtu kichaa, na mama wa huyo bibi kichaa zaidi. Siku mbili tu, mwanangu. Mtoto alale chumbani kwangu."

Jumatano mtoto alikaa chumbani kwa Bi Delphine mchana kutwa. Komeo lilisikika saa ile ile, na nyuma yake nyayo ndogo nyingi, peku, zikijipanga mstari. Wote watatu walikaa wameshikana mikono.

Alhamisi ofisa alitakiwa saa nane. Gari likamharibikia njiani. Bi Halloran, mwanamke mwembamba mwenye aibu ya kuchelewa, alifika saa kumi na nusu, akaomba radhi, akanywa chai, akauliza maswali yake taratibu huku Coralie akijibu kwa mdomo tu, macho yakiwa kwenye saa.

"Naomba Wynnie anionyeshe chumba chake," alisema mwishowe.

"Kesho si afadhali?" alidakia Coralie. "Mtoto amechoka, kweli tena."

Lakini Wynnie, ambaye amefundishwa kuwa na adabu kwa wageni, alikwisha tangulia, na alipovuka kizingiti tu mlango ukajibamiza nyuma yake, na *krrr-tak* ikalia mbele ya macho yao wote, na ile harufu ikafuka kutoka chini ya mlango kama moshi, ikawachoma macho, na ndani, katikati ya vilio vya watoto wengi wanaojizuia kulia, wakamsikia Wynnie akipaliwa, akikohoa, akitapatapa kama mtu anayezamishwa, huku sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu kabisa, ikirudia, "Tena. Tafuna tena."

"Nani yuko na mtoto humo?" alipiga kelele Bi Halloran. Alikamata kitasa, akavuta, akauparamia mlango kwa bega pamoja na Coralie. Haukutikisika.

"Tokeni hapo," alisema Bi Delphine.

Alikuja bila mkongojo. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Coralie akamsikia mama yake akisema lugha yao kwa sauti, lugha ambayo siku zote alikuwa akiikana, akisema ameisahau. Povu jekundu likamtoka midomoni papo hapo. Alilitema sakafuni, akaendelea. Likajaa tena, likamfika kidevuni, akalitema tena, akaendelea, na Coralie akatambua kwamba anaita majina. Jina baada ya jina, yale waliyopewa na mama zao kabla ya kuandikiwa mengine, na kwa kila jina nyayo mbili ndogo zilipita kando yao kuelekea nje, upande wa mto, na upepo wake ukagusa sketi ya Bi Halloran. La mwisho alilitaja akijipiga kifuani. Coralie hakuwahi kulisikia.

Mlango ukafunguka wenyewe. Wynnie alikuwa amejikunyata sakafuni, kidevu kimejaa povu, lakini anapumua.

"Wote wameenda kwao," alinong'ona. "Yeye hajaenda."

Asubuhi ya pili Mjomba Clem, mganga wao, alikuja na majani mabichi ya mkaratusi. Alikifukiza kila chumba, akawapitisha wote katika moshi, na mlango wakauchoma uani. Ulipiga ukelele ulipokuwa unashika moto, na Reg aliapa ni utomvu tu, ingawa mbao ile ilikuwa kavu kwa miaka mia. Mlango ukawa majivu. Nyumba ikanuka moshi na chai.

Bi Halloran alirudi kabla ya adhuhuri. Hakuwa amelala. Alimkabidhi Coralie karatasi inayosema mtoto abaki na bibi yake, kisha akasimama kando ya majivu asijue pa kutazama.

"Ilikuwa mingapi?" alimuuliza Reg. "Milango ya lile bweni."

"Kumi na miwili, nadhani. Watu waliigombania."

"Mmoja uko ofisini kwetu." Aligeukia gari lake. "Waliuona unapendeza, wa kale. Wameufunga kwenye chumba wanachosubiri watoto."

Mjomba Clem aliinama, akaanza kukusanya majani yaliyobaki.

Bi Delphine alikwisha fungua mlango wa gari la ofisa na kukaa kiti cha mbele.

"Kuna mtoto mle leo?" aliuliza.

Bi Halloran alitazama saa yake.

"Watatu," alisema, akawasha gari.