Koko Alikaa Behewa Gani?

— Gauthier, hii treni njo ya mwaka gani?

Papa Patrice aliuliza bila kunyanyua kichwa. Alikuwa ameinama juu ya meza ya sebuleni, miwani puani, akihesabu madirisha ya treni ndogo ya mabati. Nyumba nzima ilikuwa imeduwaa. Majirani wamejazana mlangoni, midomo wazi, maana nani aliwahi kuona treni ya urefu wa mkono ikizunguka meza peke yake, kwa mota ya redio kaseti ya zamani?

— Elfu moja mia tisa hamsini na saba, Papa. Mwaka ule Koko alitoka Kongolo kuja kuolewa hapa.

Koko Immaculée ndiye mama yake Papa Patrice. Gauthier alimchonga kwa mti, mdogo kama kidole, akamvika kipande cha kitenge na kumketisha kwenye behewa zuri kuliko yote, lenye mapazia ya rangi ya maziwa. Kijana wa watu alitaka sifa, tusimlaumu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mtoto wa wavuvi wa Baraka, na kwa Papa Patrice, mstaafu wa reli, jina lake lilikuwa moja tu: mutu wa ndagala, yaani mtu wa dagaa. Jumamosi ijayo wazazi wake walitakiwa kuja kumposa Elodie, binti wa Papa Patrice. Treni hii ndiyo ingemlainisha mzee.

Mzee akasimama wima.

— Umekalisha mama yangu mu vago ya wazungu?

— Papa, niliona njo nzuri kupita zote...

— Hamsini na saba, mutu mweusi akikanyaga mule, wanamutosha nje na mateke! Unakuja kunichekea mama mu nyumba yangu? Beba mabati yako. Na Jumamosi wazazi wako wabakie kwao!

Jioni simu ya Gauthier ikalia. Alikuwa Elodie. Gauthier akaanza kujitetea:

— Cheri, sikujua. Nilitafuta picha mu telefone, nikaona ile vago, nikasema hii njo inamufaa Koko.

— Ulichagua kwa macho. Koko ulimuuliza?

— Nilitaka kumufanyia siprizi.

— Siprizi umefanya. Papa amekataa kula.

— Sasa nifanye nini, Elodie?

Elodie akakata simu. Gauthier alibaki anaitazama simu mpaka meseji ilipoingia: "Kesho asubuhi papa anaenda kupima tansio ku hospitali. Koko atabaki peke yake. Uje na kalamu."

Koko Immaculée alimpokea kwa kicheko.

— Njo wewe ulinikalisha sawa na madamu ya wazungu? Hata mi nilipenda ile mapazia!

— Koko, unisamehe. Ulikaa wapi?

— Nyuma kabisa. Vago ya mbao, viti vya mbao, madirisha bila vioo. Moshi yote ya mashini inakuja ku siye. Nilitoka Kongolo na kitambaa nyeupe ku kichwa, nikafika hapa, wakati ule Albertville, na kitambaa nyeusi. Bwana yangu alinipita mara mbili pale ku gare ya treni, hakunijua!

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia.

— Nilikuwa na kuku mu mikono. Mama yangu alinipa. Sikuiachilia njia yote, kwa sababu nilikuwa naogopa, na ile kuku njo peke yake ilikuwa inanijua.

Gauthier aliacha kuandika. Msichana wa miaka kumi na saba, peke yake, akienda kwa mume aliyemwona mara moja tu. Akajionea aibu na mapazia yake.

— Basi ile vago ya wazungu nitaitupa, Koko.

— Unaitupa kwa nini? Ilikuwako. Iache mbele. Siye utuweke nyuma, pahali tulikuwa. Na wazazi wako waje Jumamosi. Mi njo mama ya Patrice. Mi njo nimewaita.

Jumamosi wakaja: Papa Salomon na Mama Emilie, wamevaa za kanisani, wanatembea kama watu waliokwishakataliwa. Papa Patrice aliwapa mkono, akakaa mbali nao. Amri ya mama yake hakuweza kuivunja, lakini kununa hakukatazwa.

Gauthier akapanga reli mezani, akawasha mota.

Behewa la mapazia likapita, tupu. Yakafuata mawili ya mizigo. Mwisho kabisa likaja la mbao, limepakwa masizi ya kweli ya makaa. Ndani, kwenye mabenchi membamba kama njiti za kiberiti, watu wamebanana na mafurushi yao. Dirishani msichana mwenye kitambaa kilichoingia weusi, kakumbatia kuku mdogo kuliko punje ya mahindi.

Papa Patrice aliisimamisha treni kwa mkono. Akapiga magoti sakafuni, jicho lake usawa wa dirisha. Hata Papa Salomon, ambaye reli hakuijua wala kuipenda, alivua kofia.

— Hii kuku ni ya nini?

— Koko njo aliniambia, Papa.

Mzee akageuka, bado yuko magotini.

— Mama?

— Nilikuwa naogopa, mwana wangu.

Papa Patrice alivua miwani, akajifuta macho mbele ya wageni bila kujificha.

— Miaka makumi tatu nilifanya ku reli. Kila vago naijua, namba yake na mwaka ilifika. Mama yangu, sikumuuliza hata siku moja alikaa mu vago gani.

Akainuka taratibu, akamwendea Papa Salomon, akamshika mikono yote miwili.

— Unisamehe, ndugu yangu. Mutoto wako ameniletea mama yangu. Mi nitamunyima binti yangu kwa mudomo gani?

Kwa desturi binti hutoka chumbani baada ya kuitwa na shangazi zake. Elodie hakungoja kuitwa.